Stara na Upepo: Historia ya Ua wa Nyumba katika Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Jamii iishiyo katika joto na unyevu hukabiliwa na matakwa mawili yasiyopatana kwa urahisi. Takwa la kwanza ni stara: watu wa nyumba wapike, waoge, wafue, walie na wacheke pasipo kutazamwa na wapita njia. La pili ni hewa: nyumba na uwanja wake vipitiwe na upepo, nguo zikauke, moshi wa jikoni uondoke, na jasho lipoe. Kinachozuia jicho mara nyingi huzuia upepo pia, na kinachoufungulia upepo njia hulifungulia na jicho. Nyumba ya Mswahili, popote ilipojengwa, ni jaribio la kuyapatanisha matakwa hayo mawili.

Mhadhara huu unaichunguza historia ya jaribio hilo katika Ujiji, Kigoma na mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Ushahidi wake mkubwa ni msamiati. Majengo ya udongo na matete hayadumu. Mvua ya misimu michache huyarudisha ardhini. Maneno hudumu zaidi. Katika maneno ua, ugo, uzio, wigo, baraza, upenu na stara kumehifadhiwa mengi ambayo mwanaakiolojia hatayapata tena kwa jembe lake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ua wa asili haukuwa ukuta dhaifu uliosubiri saruji ije kuukamilisha. Ulikuwa chujio: uliundwa kuzuia kimoja na kupitisha kingine. Aidha, ua huo ulikuwa dai la utu, hasa kwa watu ambao historia iliwanyima haki ya kutoonekana.

2.0 Pwani Inayotazama Machweo

Mwezi Februari mwaka 1858, Richard Burton na John Speke walifika Ujiji wakifuata njia ya misafara iliyokwisha kutumiwa na wafanyabiashara wa pwani kwa miaka mingi. Burton aliuita mji alioukuta Kawele, kwa kuwa Ujiji lilikuwa jina la nchi ya Wajiji kabla halijawa jina la mji. Malazi yake ya kwanza yalikuwa tembe lililochakaa, lililojengwa na mfanyabiashara Mwarabu. Wakati huo makao makuu ya wafanyabiashara wa bara yalikuwa Kaze, yaani Tabora ya leo. Ujiji ulikuwa bado mahali pa kufika na kuondoka. Katika miongo iliyofuata hali ilibadilika. Mwinyi Heri, mzaliwa wa Mrima, alijenga mamlaka yake Ujiji na kuyashikilia hadi alipofariki mwaka 1885. Pamoja naye na baada yake, watu wa Mrima, Waarabu, Wanyamwezi, Wamanyema kutoka ng’ambo ya ziwa na Wajiji wenyewe waliufanya mji huo kuwa mji wa Kiswahili kwa lugha, kwa dini ya wengi na kwa umbo la nyumba.

Watu waliotoka pwani walikuja na nyumba vichwani mwao. Lakini nyumba ya pwani ilibuniwa kwa ajili ya upepo wa pwani. Mkaazi wa Mrima hupata bahari upande wa mashariki. Lugha yake ina majina ya pepo kwa kadiri ya majira na saa: kaskazi, kusi, matlai, umande. Umande, ambao wengi leo wanaujua kama matone ya asubuhi juu ya majani, katika kinywa cha baharia ni pia upepo mwanana utokao bara kabla jua halijapanda. Mkaazi wa Ujiji yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, kando ya maji yaliyo takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lake liko magharibi. Jua la asubuhi humjia kutoka milimani na la jioni kutoka majini.

Pepo nazo zina utaratibu wake. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, hewa baridi huteremka kutoka vilimani na kuelekea majini. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga huyajua hayo bila kufundishwa darasani. Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei mvua hunyesha na unyevu huongezeka. Juni hadi Septemba ni kiangazi. Hivyo, mtu aliyejenga Ujiji kwa mfano wa nyumba ya Bagamoyo alilazimika kuujua upya upande wa upepo. Ua uliozibwa kuelekea ziwani ulimnyima hewa ya mchana. Uliozibwa kuelekea mlimani ulimnyima hewa ya usiku. Ikiwa alitaka zote mbili, na stara juu yake, hakuwa na budi kutumia ua unaopumua.

Nyumba isiyopumua ilikuwa na gharama. Katika nyufa za sakafu na kuta za udongo huishi papasi, na homa ya papasi ilikuwa mojawapo ya maradhi yaliyowatesa watu wa njia ya misafara. Uchunguzi wa J. E. Dutton na J. L. Todd katika Kongo ya mashariki, uliochapishwa mwaka 1905, ulisaidia kuthibitisha kwamba ni papasi ndiye aambukizaye. Dutton mwenyewe alifariki Kasongo mwaka huohuo kwa ugonjwa aliokuwa akiuchunguza. Papasi hupenda mahali pakavu, penye giza na nyufa zisizosumbuliwa. Chumba kilichofungwa kwa ajili ya siri huweza kuwa makao yake mema. Kwa sababu hiyo, maisha ya mchana yalifanyika nje ya chumba: barazani upande wa mbele na uani upande wa nyuma.

3.0 Mizizi Miwili na Maneno ya Kibantu

Mpangilio wa nyumba ya Kiswahili ni maarufu: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma wenye jiko, kisima au mtungi, na choo. Msamiati wake unaweza kugawanywa katika matabaka.

Tabaka la kwanza ni la maneno yenye asili ya Kiarabu, na ndani yake mna jozi yenye kufundisha. Stara na kitenzi sitiri vinatokana na mzizi wenye maana ya kufunika. Baraza linatokana na mzizi wenye maana ya kutokeza, kujitokeza hadharani. Nyumba moja, basi, imesimama juu ya vitenzi viwili vilivyo kinyume: mbele mtu hutokea, nyuma hufunikwa. Novemba 1871, Henry Stanley alipomkuta David Livingstone Ujiji, mazungumzo yao ya kwanza hayakufanyika ndani. Walikaa kwenye kibaraza cha udongo chini ya upenu mpana, penye mkeka na ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine ikiwa imetundikwa ukutani ili mgongo wa mzee usiguse udongo wa baridi. Umati ulikuwa mbele yao. Wageni wawili waliokuwa na mengi ya kuambiana waliyaanza machoni pa mji mzima, kwa sababu nyumba waliyomo iliagiza hivyo. Mambo ya watu wote huzungumzwa barazani. Kutoka hapo neno limepanda ngazi hadi Baraza la Mawaziri.

Tabaka la pili ni la Kibantu, nalo ndilo linalobeba elimu ya upepo. Ua, ambalo wingi wake ni nyua, ni eneo lililozungushiwa, na ni kile kilichozungushwa chenyewe. Lugha haikutenganisha kizuizi na nafasi kinachoilinda. Upenu ni sehemu ya paa iliyojitokeza nje ya ukuta. Huleta kivuli, huzuia mvua, na huacha hewa ipite chini yake. Ugo, wingi wake nyugo, ni boma au uzio wa makazi. Neno hili halikuwa geni masikioni mwa watu wa ziwani. Kirundi na Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa Kiha, zina urugo. Kiambishi cha ngeli ni kilekile cha kumi na moja, isipokuwa Kiswahili kimekipunguza kikawa u-, na mzizi ni uleule. Katika lugha hizo urugo ni uzio, ni makazi na ni familia yenyewe. Katika Kinyarwanda, kuanzisha kaya husemwa gushinga urugo, ambapo kitenzi ni kile cha kusimika kitu wima ardhini, kama mtu asimikavyo mti wa uzio. Mswahili wa Mrima na mwenyeji wa mwambao walipokutana Ujiji, walikutana na dhana waliyokuwa wakiishiriki tangu zamani: kaya huanza pale uzio unaposimama.

Neno lenye kufichua zaidi ni uzio. Leo ni neno la kawaida la kizuizi cha shamba au nyumba. Kwa wavuvi wa pwani, hata hivyo, uzio ni mtego: vijiti vilivyofungwa pamoja kwa kamba na kusimamishwa katika maji ya kupwa na kujaa. Maji huingia na kutoka kati ya vijiti, samaki hubaki. Kazi yote ya chombo hicho imo katika nafasi zilizo kati ya vijiti. Nafasi zikizidi, samaki huponyoka. Zikizibwa, nguvu ya maji huung’oa uzio wote. Aliyeliazima neno hilo kwa kizuizi cha nyumbani aliazima na kanuni yake, kwa maana ua wa matete au mabua hufanya kwa hewa kile ambacho mtego hufanya kwa maji.

Fizikia inaafikiana na lugha katika jambo hili. Ukuta usio na tundu huulazimisha upepo kupanda juu yake, kisha upepo huo huanguka na kuzunguka ovyo upande wa pili, ilhali hewa iliyo karibu na ukuta hutuama. Kizuizi chenye uwazi wa karibu nusu huupunguza upepo kasi bila kuusimamisha, na hewa iliyo nyuma yake hubaki ikitembea. Jicho, kwa upande wake, haliendi kama upepo. Huenda kwa mstari ulionyooka. Safu mbili za matete zilizopishana, au mstari wa migomba nyuma ya uzio, hulikata jicho kabisa, lakini upepo hupinda na kupita.

Miti ya uani ilishiriki kazi hiyo. Mwembe, ambao Ujiji unajulikana kwao, hutandaza matawi mazito juu na kuacha shina tupu chini; kivuli hukaa juu ya vichwa na upepo hupita kwenye miguu. Mgomba una majani mapana penye kimo cha jicho. Mnyaa, unaopandwa kama uzio hai katika sehemu nyingi za nchi za maziwa makuu, hukua bila kumwagiliwa, na utomvu wake ni mkali kiasi cha kumzuia mbuzi na mtoto mtundu. Bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa chakula, dawa, kivuli na pazia kwa pamoja.

4.0 Nani Alistahili Stara?

Itakuwa kosa kuusifu ua bila kuuliza ulikuwa wa nani. Ujiji wa karne ya 19 ulikuwa mji wa pembe za ndovu na wa watumwa. Watu waliotekwa Manyema na kwingineko walivushwa ziwani na kupitishwa humo. Mtu aliyeuzwa hutazamwa: meno, mikono, mgongo. Kunyimwa stara kulikuwa sehemu ya utumwa wenyewe, si matokeo yake ya baadaye. Upande wa pili walisimama waungwana, ambao uungwana wao ulionekana kwa mavazi, kwa usemi na kwa nyumba yenye uani. Mke wa mwungwana alikuwa na mahali pa kutoonekana. Mjakazi alitumwa sokoni na kisimani.

Hata hivyo, neno lenyewe halikubaki mikononi mwa wachache. Katika njia ya misafara, wapagazi na askari wengi, baadhi yao wakiwa watumwa au waliowahi kuwa watumwa, walijiita waungwana, na wenyeji wa bara wakawaita hivyo. Lahaja ya Kiswahili iliyoenea ng’ambo ya ziwa ikapata kutokana na neno hilo jina la Kingwana. Wanahistoria wameonyesha jinsi watu waliotoka utumwani pwani na visiwani walivyojitwalia alama za uungwana baada ya kukomeshwa kwa utumwa. Laura Fair ameyaeleza hayo kwa Unguja katika kitabu chake cha mwaka 2001. Tanganyika, sheria ya kuukomesha utumwa ilipitishwa mwaka 1922. Kwa familia iliyokuwa na bibi aliyewahi kusimamishwa sokoni, ua wa matete nyuma ya nyumba ya vyumba viwili haukuwa pambo. Ulikuwa tangazo kwamba humu ndani mna watu ambao hatazamwi mmoja wao pasipo ridhaa yake.

Ni kweli pia kwamba ua uliweza kuwa kizuizi kwa mwanamke, na mara nyingi ulikuwa. Lakini ua wa matete ulimwachia jambo ambalo ukuta wa mawe humnyima. Aliye ndani, akisogea karibu na uzio, humwona aliye nje kupitia nafasi ndogo. Aliye nje, akiwa mbali na akipita, haoni kitu. Sauti za mtaa humfikia, na harufu ya dagaa wa asubuhi humfikia. Alisitirika bila kutengwa na mji.

Lugha nayo ilijengewa ua. Kwenda uani ni tafsida ya kwenda chooni. Msemaji huacha maana ipite na kuzuia picha isionekane. Msikilizaji ameelewa, na hakuna aliyevuliwa nguo. Si ajabu kwamba neno la mahali pa stara ndilo lililochaguliwa kusitiri.

5.0 Kutoka Ua hadi Ukuta

Mabadiliko makubwa yalianza na utawala wa Kijerumani. Boma, neno la uzio wa makazi na mifugo, likawa jina la ngome na la serikali yenyewe. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na bandari, stesheni na ofisi zikauhamisha uzito wa mji kutoka Ujiji hadi kwenye ghuba ya Kigoma. Katika kampeni dhidi ya malale, wakoloni walikata vichaka vya kando ya maji ili kumnyima mbung’o maficho. Kazi hiyo ilikuwa na sababu yake ya kitabibu, lakini ilikwenda sambamba na mtazamo kwamba kila kilichofunikwa kwa majani ni uchafu unaopaswa kuondolewa. Mji wa kiofisa ulikuwa mji unaoonekana. Baadaye bati na saruji vilienea, na baada ya uhuru vikawa alama ya maendeleo ya kaya.

Maneno yameufuata mkondo huo. Wigo, lililokuwa uzio wa miti au miiba, leo husikika zaidi vyuoni katika wigo wa utafiti. Kitalu, lililowahi kumaanisha ukuta wa mawe unaozunguka kiwanja, sasa ni mahali pa kuoteshea miche au eneo la uwindaji. Ugo limebaki zaidi kamusini. Mahali pake pamechukuliwa na fensi, geti na ukuta. Neno ua bado li hai, lakini katika mitaa mipya mtu husikika akisema amejenga ukuta, si amezungusha ua. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ua ulitaja nafasi na watu wake. Ukuta unataja kizuizi tu. Ua ulimzuia jirani asione. Ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu yake unamzuia mwizi asiingie. Hofu imebadilika, na neno limebadilika pamoja nayo.

Wapo watakaosema kwamba matete yalikuwa umaskini, na kwamba kuyaita hekima ni kuupamba ufukara wa waliopita. Pingamizi hilo lina uzito. Matete huoza, huungua, na humtaka mwenye nyumba ayabadilishe kila baada ya misimu michache. Aliyeibiwa usiku hawezi kuambiwa atosheke na mabua. Lakini saruji ni mali ghafi, haina sharti la kutokuwa na tundu. Matofali yenye matundu hutengenezwa katika miji yote ya Tanzania na hutumiwa juu ya milango na madirisha. Yanaweza kutumiwa pia sehemu ya juu na ya chini ya ukuta wa nje, ambako jicho la mpita njia haliangalii. Katika mji wa miteremko kama Kigoma, ukuta uliozibwa chini huikinga hewa baridi ya usiku isiteremke, na huyakinga maji ya mvua mpaka siku yatakapouangusha.

Mfano ulio karibu zaidi uko ufukweni. Dagaa aliyetandazwa mchangani hukauka upande mmoja na kushika mchanga. Dagaa aliyewekwa juu ya kichanja hupitiwa na hewa juu na chini, na hukauka vizuri zaidi. Wachuuzi wanaokitambua hicho sokoni hurudi jioni kulala katika nyua zilizozibwa pande zote nne, na kulalamikia joto.

6.0 Hitimisho

Historia ya ua katika Ujiji na mwambao wake inaonyesha mambo matatu. Kwanza, stara na upepo havikuwa maadui katika ujenzi wa Waswahili, kwa kuwa kizuizi kilieleweka kama chujio. Neno uzio limeitunza elimu hiyo kutoka majini hadi nchi kavu. Pili, msamiati wa Ujiji ulikusanya maarifa ya watu wa pwani na ya watu wa maziwa makuu, na katika ugo na urugo maarifa hayo yalikuwa ya ukoo mmoja tangu awali. Tatu, stara ilikuwa haki iliyogombewa. Wale walionyimwa waliijenga kwa vifaa vya bei ndogo kabisa, nao waliijenga bila kujinyima hewa.

Wataalamu wa isimu wana kazi hapa isiyoweza kungojea. Maneno ya kusuka matete, ya fundo za kamba, ya aina za uzio hai na ya pepo za saa mbalimbali yamo vinywani mwa wazee wa Ujiji, Gungu, Katonga na Kibirizi, na mengi hayajaingia katika kamusi yoyote. Neno likipotea, mwashi kijana hana jina la kitu ambacho angeweza kukijenga, na kisicho na jina hakiagizwi kwa fundi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayeingia ndani ya nyumba ya Ujiji, akapita ukumbi na kutokea uani, hukutana na upepo wa ziwa alasiri kabla hajaketi, ikiwa mwenye nyumba hakuuzuia.